Swichi ya Siri Nyuma ya Vitambaa vya Krismasi

Mpendwa Shangazi Philo,

Naomba msaada, na naomba kabla hujanigombeza unisikilize mpaka mwisho, maana najua utanigombeza tu, nimekusikiliza redioni tangu nilipoolewa huku Leitrim na sijawahi kukusikia ukimwacha mtu aende zake salama. Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto mchanga ambaye hata kukaa hajajua, na tunaishi kwa mama mkwe wangu, Mama Dympna, mjane, mwanamke wa kanisa, roho nzuri kabisa. Nilipojifungua alinipa chumba chake chenye jua, yeye akahamia kile cha nyuma chenye ukungu ukutani, kwa hiyo tafadhali usianze kumsema, tatizo langu si yeye, au ni yeye lakini si kwa ubaya.

Shangazi, wewe ni mtu wa hapahapa, sina haja ya kukueleza jinsi mama zetu wanavyoogopa kuiacha hita ya tangi la maji ikiwaka. Mama yako alikuwa hivyo, wangu alikuwa hivyo, lakini Mama Dympna amewapita wote. Kuna mwaka basi la parokia lilikuwa limefika nusu ya njia kwenda kuhiji Knock, watu wako katikati ya rozari, Mama akasimama akapiga kelele, "Yesu na Maria, hita!" na dereva akageuza, basi zima na padri ndani, wakarudi mpaka nyumbani, akaingia, akakuta imezimwa tangu jana yake, akatoka akasema, "Heri kuhakikisha," na hakuna aliyenung'unika kwa sababu kila mama mle ndani alikuwa ameshaanza kuwaza hita ya kwake. Swichi yenyewe iko ukutani nje ya kabati la tangi, ina upande wa sinki unaochemsha maji kidogo ya juu na upande wa bafu unaochemsha tangi zima, na Mama ameifunga kwa tepu nyeusi ibaki upande wa sinki ili mkono wa mtu usije ukateleza, kwa sababu maji ya sinki ni matumizi na maji ya bafu ni anasa, ni ya Krismasi, Pasaka na mtu anayekwenda kuoa.

Sasa mimi nilipojifungua nilishonwa, mkunga akaniambia nikae kwenye maji ya moto kila siku, na maji ya upande wa sinki yanatosha vikombe na sahani, basi. Mama hakunikataza kuoga, usidhani hivyo, alichemsha birika moja baada ya jingine na kunipandishia ngazi mwenyewe, na siku moja mguu ukateleza, maji yakamuunguza kiganja chote, akakaa kwenye ngazi anacheka huku machozi yanamtoka, ananiambia, "Si kitu mwanangu, Mama Maria alijifungulia zizini." Mume wangu Cathal aliona ule mkono uliovimba, moyo ukamuuma, na badala ya kusema neno akafanya jambo.

Cathal si fundi umeme, ni dereva wa lori, anapeleka nyama Ufaransa kwa feri, lakini unawajua wanaume wa huku, aliyebadilisha plagi mara moja ni fundi mpaka anazikwa. Mama alipokwenda msibani Boyle, Cathal akapanda darini, akachukua umeme kwenye waya wa soketi za chumbani kwetu, akaushusha nyuma ya tangi, akaufunga chini ya kifuniko cha hita kwenye koili ile ndefu, ile ya bafu, halafu akaweka swichi ya kawaida ya taa ndani ya kabati, nyuma ya rafu ya vitambaa vya meza vya Krismasi, ambako Mama haingizi mkono mpaka Desemba. Basi Mama anazima swichi yake, taa nyekundu inazimika, anaugusa ukuta mara mbili kama anaubariki, anakwenda zake, na sisi huku nyuma tuna maji tele ya bafu.

Shangazi, nakiri tulicheka. Mama alikuwa anaosha sahani ananiambia, "Maji ya leo yana moto ajabu! Na ni upande wa sinki tu, unaona? Watu wanafuja bure," na mimi nageuka dirishani nang'ata kitambaa cha vyombo. Lakini bili ya umeme ilipokuja imepanda, Mama hakumshuku mtu, alijishuku mwenyewe, akasema ni blanketi lake la umeme, akalitoa kitandani akalikunja akaliweka juu ya kabati, na baridi yote iliyobaki amelala kwenye kile chumba cha ukungu amejifunika koti la marehemu baba mkwe. Nililiona lile blanketi limekunjwa, nikajiona mwizi, nikanyamaza.

Na ningeendelea kunyamaza kama koili ya sinki isingekufa. Wiki iliyopita maji yakawa hayapati moto kwa swichi ya Mama, na Mama akampigia kaka yake, Mjomba Malachy, ambaye ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wetu na ndiye aliyebadilisha koili za parokia nzima, naye atakuja Jumamosi. Mjomba hana testa ya kupima umeme, hajawahi kuwa nayo, yeye ana bisibisi, spana moja kubwa, na kurunzi anayoishika kwa meno. Jumapili tulipokuwa mezani nilijaribu, nikasema kama mtu asiye na neno:

"Mjomba, kwani tusimwite fundi wa umeme mwenye leseni?"

"Fundi wa nini?" akaniambia. "Mimi nilikuwa nabadilisha koili wewe bado hujatungwa mimba. Unazima swichi, taa nyekundu inazimika, umeme umekwisha. Mengine ni kelele za vijana wanaotaka kulipwa kwa kutikisa kichwa."

"Lakini siku hizi wanasema—"

"Dympna! Huyu mkwe wako anadhani anakaa hotelini."

"Mwache, Malachy," Mama akasema, "mtoto anamnyima usingizi. Kula kabichi yako."

Nikamfuata Cathal uani anaosha lori, nikamwambia lazima tumwambie Mama kabla ya Jumamosi. Akatupa brashi chini. "Usifungue mdomo," akasema. "Wiki ijayo Mama anakwenda kwa mwanasheria kutuandikia kile kiwanja cha kando ya barabara. Akijua tumemchezea ndani ya nyumba yake, unadhani ataandika? Fintan alimdanganya habari ya ng'ombe mmoja, mmoja tu, na leo kaka yangu hatajwi pale mezani. Wewe Jumamosi asubuhi ingiza mkono, zima ile ya nyuma ya vitambaa, kwisha. Nikirudi Jumatatu nauondoa waya wote, hakuna aliyejua, hakuna aliyeumia."

"Na kama kuzima hakutoshi?"

"Swichi ni swichi, mke wangu."

Basi Shangazi, Cathal atakuwa Ufaransa, na mimi ndiye nitakayebaki na Mjomba Malachy na vidole vyake vinene mle kabatini, na kila nikifumba macho naviona vile vidole. Nikisema, nimemvunjia mume wangu siri, nimetupoteza kiwanja na huenda na nyumba pia, na Mama ambaye aliungua kwa ajili yangu ataniangalia kwa jicho gani? Nisiposema, nimekaa na mauti nyumba moja.

Jambo jingine dogo, sijui kama lina maana, juzi nilijaribu nione, nikazima ile ya siri, na ya Mama nayo ilikuwa imezimwa, zote mbili, nikaingiza mkono kukaza kamba ya lile koti la kutunza joto linalovishwa tangi, na nilipogusa bomba la shaba vidole vikanichoma vikasisimka kama nimeshika upupu, nikasema labda ni baridi au uchovu wangu. Mtoto naye jana nilipomuogesha alipiga ukelele nilipofungua bomba la bafu, lakini yeye hulia kila mara.

Sikuandikii jina langu wala namba ya simu, huku kila mtu anamjua kila mtu. Na Mama hukusikiliza kila siku, redio yake iko juu ya friji, imechomekwa ukutani, hakosi matangazo ya vifo na hakukosi wewe baada yake, kwa hiyo tafadhali, ukinijibu, nijibu kwa mafumbo.

Ni mimi,
Mkwe mwenye hofu.


Shangazi Philo anajibu:

Binti yangu, umeniomba mafumbo. Leo sina. Barua yako imenifikia asubuhi hii, zamu yake haikuwa leo, kuna bwana wa Sligo na ugomvi wake wa ua ambaye amesubiri kuliko wewe, naye anisamehe. Majina yote nimeyageuza. Mengine nimeyasoma hewani kama ulivyoyaandika, na kwa nini nimefanya hivyo nitakwambia kabla sijanyamaza.

Kwanza mtoto. Mtoto asiogeshwe. Wala wewe usioge, usioshe vyombo, usifungue bomba lolote la nyumba hiyo, la moto wala la baridi. Kama hivi sasa umemshika kwenye beseni, mtoe, mfunge taulo, kaa naye mbali na mabomba, halafu ndiyo uendelee kunisikiliza.

Umenielewa? Haya.

Umeniandikia barua ndefu ya kumwogopea Mjomba siku ya Jumamosi, halafu mwishoni kabisa, kama mgeni anayekumbuka mlangoni kwamba hajaaga, unaniambia swichi zote mbili zilikuwa zimezimwa na vidole vikachoma. Jambo dogo! Binti yangu, hilo ndilo jambo lenyewe. Mjomba yuko Jumamosi. Hili liko leo, liko saa hii ninaposema.

Mimi si fundi, nimempigia fundi. Yupo mwanamke mmoja Carrick, ana leseni yake ya umeme, nitamwita Assumpta. Nilimsomea barua yako kwa simu. Alikuwa anacheka pale kwenye basi la Knock, kwao pia wako hivyo. Nilipofika kwenye upupu akaacha kucheka. Halafu akaniuliza, "Huyo mtoto wanamuogeshea wapi?" Shangazi yako nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, nimesikia ndoa zikivunjika na ndugu wakishitakiana, lakini swali lile ndilo lililoitoa barua yako kwenye foleni.

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyomwelewa. Hita huendeshwa na nyaya mbili, mmoja una moto, mwingine unarudisha. Swichi ya taa ya ukutani hukata waya mmoja tu. Kama mumeo aliiweka swichi yake kwenye ule unaorudisha badala ya ule wenye moto, na mtu aliyejibanza nyuma ya tangi anaharakisha kabla mama yake hajarudi kutoka msibani ni rahisi sana akosee, basi ukizima swichi yake maji hayachemki, unadhani pamekufa, kumbe waya wa moto umebaki palepale kwenye koili. Na koili hizo mbili ziko kwenye kichwa kimoja. Moja imeshaoza, ya pili unadhani iko mbali? Umeme unavuja, unaingia kwenye shaba na maji. Nyumba ikiwa na waya mzuri wa ardhi, ule umeme ungekimbilia ardhini na fyuzi ingekatika mkajua. Fyuzi haikukatika. Kwa hiyo waya wa ardhi ama umelegea ama haupo, na umeme umekaa kwenye bomba unasubiri mtu mwenye mkono uliolowa aupitishe. Hayo Assumpta anayakisia kwa kusikia tu, lakini aliniambia hahitaji kuwa na hakika ili aogope.

Na ile taa nyekundu ambayo nchi nzima tunaiamini kuliko askofu? Taa ile inajua habari za swichi yake tu. Mumeo ameingilia upande wa bafu. Labda swichi ingekaa upande wa bafu taa ingewaka ikawasema, lakini Mama kaifunga kwa tepu upande wa sinki, kwa hiyo taa imezimika na umeme upo. Ubahili wa mama na ujanja wa mwana vimeshikana mikono mle kabatini.

Sasa wewe, Malachy. Hilo si jina lako, lakini nakujua, maana kila parokia ina Malachy wake na spana yake. Taa ikizimika umeme umekwisha? Nani alikwambia, taa? Zote ulizozibadilisha ukapona, ulipona kwa sababu hakuna Cathal aliyekuwa amepita kabla yako. Ungefungua kifuniko hicho Jumamosi na kurunzi mdomoni, ungepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa maji ya tangi, ungeingiza vidole viwili tu. Na hata usingegusa kitu, ungeshayamwaga maji ya tangi na koili, mtu akiisahau ile swichi ya siri, bado inalishwa kwa mlango wa nyuma, ingewaka kavu, na lile koti la tangi lingeshika moto pamoja na mataulo. Weka spana chini. Hakuna aliyesema hujui kazi. Nyumba hiyo siyo ile unayoijua, basi.

Cathal, wewe najua uko barabarani na labda hunisikii, watakusimulia. Swichi ni swichi, eti? Fundi wa lori akikwambia breki ni breki, twende zetu, utapanda nalo kwenye feri? Nakupa haki yako: uliuona mkono wa mama yako umeungua ukashindwa kuvumilia, na mwana asiyeumia kwa hilo si mwana. Lakini dawa yake ilikuwa maneno machache tu. "Mama, mke wangu ameshonwa, anahitaji maji ya moto." Ungeyasema ukiwa umekaa, na chai mkononi. Badala yake uliona ni rahisi zaidi kutambaa darini na waya. Wanaume wa nchi hii, mtapitia juu ya paa kuwakimbia mama zenu! Na kiwanja hicho unachokihofia, utajenga nyumba gani juu yake uingie na kulala, kama mjomba wako amezikwa kwa ajili yake?

Nirudi kwako, binti yangu, maana bado hatujamalizana. Uliliona blanketi limekunjwa. Uliona mjane aliyekupa chumba chenye jua analala kwenye ukungu chini ya koti la marehemu, anajilaumu kwa bili ambayo ni ya maji yako, ukang'ata kitambaa. Hilo halihusu umeme, hilo linakuhusu wewe. Sikuhukumu kwa kuoga, ulistahili kuoga tangu siku ya kwanza, na mtu aliyeshonwa hapaswi kulazimika kuiba maji ya moto katika nyumba yoyote ya Kikristo. Nakuhukumu kwa kunyamaza. Leo utamwomba msamaha, na hutamtanguliza Cathal wala kumficha nyuma yako. Sema: sisi. Sisi tulikudanganya, Mama.

Atakasirika? Atakasirika sana. Huenda akanyamaza wiki. Lakini usinilinganishie na ng'ombe wa Fintan. Fintan alimficha mama yake kitu apate yeye. Wewe unamwambia ili kaka yake apone. Mama yeyote anajua tofauti hiyo, hata kama itamchukua muda kukubali kwamba anaijua.

Kazi yenyewe iende hivi, na msinibadilishie hata kidogo. Nyumba nzima izimwe kwenye bodi ya fyuzi, kwa swichi kuu, kwa sababu hakuna kati yenu ajuaye kwa hakika ni fyuzi ipi inayolisha waya wa Cathal, na hapa si mahali pa kubahatisha. Ibaki imezimwa. Mtakaa na jiko la kuni na mishumaa, babu zetu walikaa hivyo na wakatuzaa. Aitwe fundi mwenye leseni leo leo, aambiwe neno moja kabla hajavua koti: hita hii ina njia mbili za umeme na bomba limechoma mtu. Mwachieni yeye. Atafunga swichi ya bodi kwa kufuli asije mwenye huruma akaiwasha. Atajaribu testa yake mahali anapojua pana moto aone kama iko hai, ndipo apime pale kwenye koili, kisha airudishe kuijaribu tena, maana testa nayo hufa kama mtu. Atafuata kila waya unaoingia kwenye kile kichwa mpaka ajue umetoka wapi. Waya wa Cathal utoke wote, mpaka darini, usiachwe hata kipande cha kumbukumbu.

Halafu hita iwe kama inavyotakiwa: waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi, usiochangia na soketi wala taa, na fyuzi yake, na swichi karibu na tangi inayokata nyaya zote mbili kwa mpigo, na kipande cha mwisho kiwe cha waya usioyeyuka kwa joto. Kidhibiti joto chenye kujikata chenyewe maji yakizidi moto, na waya wa ardhi uliokazwa ukapimwa. Malachy akitaka kuja, aje, akae jikoni anywe chai, ashike kurunzi akiambiwa.

Sasa nikwambie kwa nini nimekusoma hewani. Hukunipa simu. Hukunipa jina. Ningekujibu kwa barua, ningeituma kwa nani? Lakini hiyo ni sababu yangu, yako ni nyingine. Ungeweza kumwambia padri. Ungeweza kumwandikia mwenye safu ya gazeti Dublin ambako hakuna anayekujua. Hukufanya hivyo. Umeandikia kipindi ambacho Mama hakosi hata siku moja, ukanieleza na redio yake iko wapi na imechomekwa wapi. Binti yangu, ulitaka asikie. Mdomo ulikushinda, mkono ukasema. Sawa, nimekubebea mzigo mpaka hapa, sasa upokee.

Kabla yangu kwenye kiti hiki hukaa bwana anayesoma matangazo ya vifo. Nampisha mlangoni kila siku, tunasalimiana, ananiachia kiti kikiwa na joto. Sitaki nimpishe Jumatatu ameshika karatasi yenye jina la mjomba wako. Wala sitaki nimpishe kesho, ameshika jina la mtu ambaye hata kukaa hajajua.

Kwa hiyo Mama, sasa nasema na wewe. Wewe mwenye tepu nyeusi. Wewe uliyerudisha basi la mahujaji. Na nyinyi kina mama wengine wote mlioshtuka mkatazamana, nanyi mtaangalia za kwenu baadaye, lakini mpisheni huyu kwanza. Mama, hasira ni haki yako na sikunyang'anyi hata tone, ila iweke kando mpaka jioni, haitachacha. Blanketi lako si kosa, lirudishe kitandani. Maisha yako yote umeikimbilia swichi ile ya ukutani. Leo usiikimbilie. Usiiguse, usiguse kabati, usiguse bomba. Vaa viatu, kausha mikono vizuri, nenda kwenye bodi ya fyuzi, ishushe ile swichi kuu. Taa zitazimika, friji litanyamaza, na redio iliyo juu yake itanikata katikati ya neno, nami nitashukuru.

Nenda, Mama. Kama bado unanisikia, hujaizima.